Mvua Iliyonyesha Miono

Mimi nina ulimi mkali, na nimejijua hivyo tangu usichana. Marehemu mama yangu alikuwa akiniambia mdomo huponza kichwa, nami nikawa namcheka. Basi kichwa kilichoponzwa hakikuwa changu. Kilikuwa cha kaka yake, mjomba wangu, mtu aliyenilea mama alipofariki, na nikiyakumbuka yale mambo mpaka leo nashikwa na hasira, na nusu ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, kwetu Mkange. Asiyewahi kukaa Mkange mwezi wa kumi na moja asije akanihadithia joto. Ikifika saa nne asubuhi bati la nyumba limeanza kulia, kuku wamejipanga kivulini midomo wazi, na ukikanyaga mchanga bila kandambili unaruka. Vuli ilikuwa imechelewa. Mashamba tumeshayafyeka na kuyachoma, mbegu zimo ndani ya mifuko, na mbinguni hamna kitu. Joto la namna ile huingia kwenye damu za watu. Wiki hiyohiyo wanaume wawili wazima walipasuana midomo bombani kwa ajili ya ndoo, na waliokuwa kwenye foleni hawakuwaamua, walisogea mbele kuchukua nafasi zao.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, bwana shamba alipita kuandikisha watu wa kupokea taarifa za hali ya hewa kwenye simu. Alitaka mtu mmoja kila kitongoji, ajuaye kusoma na asiyezima simu. Nikanyoosha mkono upesi kabla mwingine hajawahi. Ujumbe ukija nauandika kwenye karatasi, nampelekea muadhini, naye anausoma kwenye kipaza sauti cha msikiti baada ya sala ya alasiri. Nilijiona mtu, siwezi kusema uongo. Lakini kwa miezi yote hiyo ujumbe ulikuwa ni joto, joto tena, na upepo wa wastani. Watu wakanigeuza kichekesho. Nikipita naulizwa, Bi Hali ya Hewa, kesho jua litachomoza? Nacheka nao, huku moyoni naungua.

Jumatatu moja ukaja ujumbe tofauti. Ulisema joto kali litaendelea katika ukanda wetu wa pwani, na kuanzia Jumatano hadi Ijumaa kutakuwa na mvua za ngurumo na upepo mkali katika maeneo machache. Nilisoma nimesimama, nikakaa chini, nikasoma tena. Kisha nikachukua kalamu nikaandika: Mvua kubwa ya radi Mkange, Jumatano mpaka Ijumaa. Pandeni.

Maeneo machache niliyaacha. Nikajiambia muadhini macho yake mabovu, anasoma kwa kukokota, karatasi ikiwa ndefu watu wataondoka kabla hajamaliza. Ndiyo sababu niliyojipa. Sababu ya kweli ni kwamba nilichoka kuchekwa, na nilitaka siku moja niseme neno litakaloinua watu vitini. Na hilo la pandeni, wallahi, hakuna aliyeniagiza. Muadhini aliisoma ile karatasi mara mbili, akaongeza inshallah ambayo mimi sikuiandika.

Jumanne kijiji kizima kilihamia shamba. Watu walipanda kwenye vumbi, mbegu za dukani zilizopakwa dawa, wengine wakapanda hadi mahindi waliyoyaweka ya kula. Wanawake walioniita Bi Hali ya Hewa kwa kejeli walinisimamisha njiani kunishukuru. Nilitembea siku ile kifua mbele.

Sasa nimseme mjomba. Alikuwa amepita miaka sabini, mrefu, mkavu, anaishi peke yake na mbuzi zake sita mwisho wa kitongoji. Nyuma ya nyumba yake, baada ya mihogo, kuna makaburi yetu, na mkewe amelala pale. Kila Ijumaa alfajiri alikuwa akifagia lile kaburi, kisha anasimama kidogo upande wa kushoto, mahali patupu, na kutuambia pale ni pake. Binti yake aliolewa Bagamoyo mjini, alimbembeleza miaka nenda miaka rudi ahamie kwake. Mjomba hataki. Alisema yeye hana analoomba duniani ila kulazwa pale, na ukihama ukiwa mzee unakufa ukiwa mgeni.

Na mjomba alikuwa mshika mvua. Kwetu ukiwa na harusi majira ya mvua unatafuta mtu wa kukushikia. Anakaa nyuma ya nyumba ya shughuli tangu alfajiri, haogi, hanywi maji, mpaka bi harusi atoke. Shughuli ikiisha anaoga, na kule kuoga ndiko kuifungua. Mjomba alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini. Mimi na yeye tulikuwa watani wakubwa, nikamuuliza siku moja kama kweli anaishika. "Mimi nashika pilau, mwanangu," akasema, akacheka mpaka machozi. Siri yake ilikuwa kuamka mapema na kuzitazama mbingu upande wa baharini. Akiziona mbaya anajifunga kitambaa kichwani, anatuma salamu kwamba leo homa imemlaza.

Ile Jumatano kulikuwa na harusi. Jirani yake mjomba, mashamba yao yamepakana, alikuwa anamwoza binti. Siku ilishapangwa kabla ya karatasi yangu, na vyakula vimeshanunuliwa. Jumanne jioni jirani alikwenda kumwomba mjomba amshikie mpaka alasiri tu, halafu aiachie iwanyeshee mashamba. Mjomba alisitasita. Alimwambia kipaza sauti kimetangaza, asije akalaumiwa. Jirani akamshika magoti. Alfajiri mjomba akatazama, mbingu nyeupe kabisa, akaenda akakaa.

Saa nane mchana wingu likainuka. Sijapata kuona wingu baya kama lile, jeusi chini na la manjano pembeni, linaunguruma bila kupumzika. Upepo uling'oa turubai la harusi ukalipiga ukutani, sufuria zikabingirika, mzee mmoja nguzo ya turubai ilimchana utosi akawa anatembea na damu imemfunika jicho. Tukasema ndiyo hiyo. Kisha lile wingu likageuka. Mbele ya macho yetu likapinda likaenda kumwagika upande wa Miono, na mpaka magharibi tulikuwa tunaiona mvua yao imesimama kule mbali. Shughulini zilipigwa vigelegele. Mjomba akanyanyuliwa juu juu na vijana, anaitwa fundi, na mimi nilikuwa wa kwanza kupiga kigelegele. Bi harusi akatoka akiwa mkavu.

Alhamisi wingu likaja tena. Radi ikapiga mnazi wa shuleni ukawaka moto, mbuzi wawili waliokuwa chini yake wakafa macho wazi, na tone halikudondoka. Mvua ilikwenda Saadani, tukasikia imewaharibia dagaa walizoanika. Ijumaa asubuhi watu walikuwa wamechuchumaa mashambani wanafukua mbegu kwa vidole. Zilikuwa zimeiva kwa joto, nyingine zimeshabebwa na mchwa. Wanaume wazima nikawaona wanalia, hawafuti. Ikaja habari kutoka Miono kwamba njia zao zimekuwa mito.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo laiti ningelijua siku ya Jumatatu. Miaka yote mvua ikitukosa tulisema Mungu hakupanga, tukashika tasbihi. Safari hii mvua ilikuwa imetangazwa, tena kwa kipaza sauti cha msikiti, kwamba ni ya Mkange. Basi ilikuwa ya kwetu. Na kitu chako ukikikosa, yupo aliyekichukua.

Neno likaanza kwamba mjomba hajaoga. Na kweli alikuwa hajaoga, masikini ya Mungu. Bomba lilikuwa kavu tangu Jumanne, ndoo aliyokuwa nayo aliwapa mbuzi. Ijumaa alikwenda msikitini ametayamamu kwa mchanga, kama sheria inavyomruhusu asiye na maji. Wenzake wakaona vumbi kwenye mikono yake na usoni. Siku nyingine yoyote wangeona mtu wa dini. Siku ile waliona mtu anayeogopa maji.

Nilikuwa natwanga kisamvu uani niliposikia kelele zinatoka upande wa msikiti zinakwenda kwake. Nikakimbia na mchi mkononi. Nilipofika walikuwa kama arobaini, kanzu na kofia zao za Ijumaa wamezivaa vilevile, na mbele yao yule jirani, baba wa bi harusi, aliyemshika mjomba magoti siku tatu tu nyuma. Mjomba alisimama mlangoni pake. Jirani alimwambia kwa adabu kabisa, "Mzee, oga." Mjomba akajibu kwamba ataoga maji yakipatikana. Sikuona nani aliyepiga kwanza. Niliona kofia yake inaruka.

Walimpiga kwa fimbo za mipapai, kwa makofi, kwa viatu. Alipoanguka wakamburuta kwa miguu, kichwa kinagonga visiki, kumpeleka kwenye lambo la ng'ombe, maana walitaka aoge kwa nguvu. Watu niliowapikia siku za kutahiriwa watoto wao, watu waliokula kwangu futari. Mimi niliruka katikati yao nikimpiga yeyote aliye karibu. Jirani nilimpiga mchi begani nikasikia mfupa umelia, mwingine nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Nilitukana matusi ambayo hata sikujua nayajua. Nikasukumwa nikaanguka kwenye tope la lambo.

Na pale chini, nikiwa na tope mdomoni, nilijua kitu gani kingewasimamisha. Maneno mawili tu. Ningesema taarifa ilikuwa ya maeneo machache, mimi ndiye niliyeyakata, nipigeni mimi. Simu ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga yangu, ujumbe umo humo. Mimi, nisiyepitwa na neno, nilinyamaza. Niliogopa. Nilikuwa tayari kumvunja mtu bega kwa ajili ya mjomba, lakini si kuyasema hayo. Nimelizungusha jambo hili kila upande na sipati jina lake jingine zaidi ya woga.

Walikuwa wanamzamisha na kumwinua. Walipomwinua mara ya tatu, mjomba akasema kwa sauti ya kukwama, "Nimeifunga mimi. Naifungua." Wakamzamisha tena, na mmoja akamkanyaga nyonga kumshikilia chini. Nilisikia inavunjika.

Ndipo upepo ukatupiga. Hatukuwa tumeangalia juu, sote macho yalikuwa lamboni. Radi ikashuka upande wa pili wa maji, tukaoshwa na mwanga mweupe, na mlio wake ukanifunga masikio. Kisha ikaja mvua. Haikuja kwa manyunyu, ilianguka kama imesukumwa, ikapiga ngozi mpaka inauma, mabati ya nyumba mbili yakaruka, mkorosho wa mjomba ukapasuka kati. Na wale watu, wallahi, walianza kucheka. Walikumbatiana. Walimwachilia mjomba wakakimbia makwao wakipiga takbiri, wamelowa, wana furaha ya Idi. Mimi nilimvuta kwa makwapa nikamtoa lamboni, na maji yalikuwa yanapanda.

Alikaa hospitali ya wilaya majuma mengi. Askari alipokuja kumwandika maelezo, mjomba alisema aliteleza kwenye lambo. Nilitaka kupasuka. Alinibana kidole changu mpaka kikafa ganzi, nikanyamaza kwa mara ya pili.

Aliporudi Mkange alikuwa mtu wa magongo, na mguu mmoja umekuwa mfupi. Nilitegemea ataishi kama mtengwa. Lo, ilikuwa kinyume. Mahindi waliyoyapanda upya kwa mbegu za kukopa yalikuwa yamefika magotini, hayajapata kuonekana ya kijani namna ile, na kila mtu alimpenda. Wanampitia asubuhi, shikamoo mzee, marahaba wanangu. Wanamletea kuni. Jirani, bega lake bado limepinda kwa ajili ya mchi wangu, alimletea ndoo mbili za maji kila siku kabla ya kwenda shamba, na Ijumaa alimshika mkono kumpeleka kufagia kaburi la mkewe. Walimsamehe, ndivyo walivyoona. Alifunga mvua, akapigwa, akaifungua, yameisha.

Mimi nilikuwa silali. Nikaenda kwake mchana mmoja nikamweleza yote, ujumbe ulivyosema, nilichokata, na nilivyonyamaza lamboni. Nikatoa simu nikamsomea. Nilitamani anipige gongo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemwambia mtu mwingine. Nikasema bado, ila nitakwenda kuwaambia wote, nitamfanya muadhini asome kwenye kipaza sauti kilekile.

"Usithubutu," akasema. "Sasa hivi wanajua walimpiga mwenye kosa, na wamemsamehe. Wakijua walinipiga bure, watanitazamaje? Mtu aliyekupiga bure hakusamehi, mwanangu. Niache nifie hapa."

Nikamwambia hiyo si haki. Akasema ndiyo, si haki, ila nusu shari kuliko shari kamili, na akanitaka niape. Sikuapa. Niliondoka nimevimba, nikijiambia mjomba ameshazeeka, haki ni haki, na aibu aliyobebeshwa si yake. Leo najua nilitaka nini. Nilitaka kulala usingizi.

Siku ya pili nikamfuata jirani shambani. Alikuwa anapalilia mahindi yaliyomfika kiunoni. Nikamwambia, nikamwonyesha simu. Aliisoma taratibu akifuata kwa kidole, akanirudishia.

"Unataka kusema tulimvunja mzee yule bure?"

Nikasema ndiyo, bure, na aliyewaponza ni mimi. Nilisubiri anitukane, nilikuwa nimejiandaa. Hakunitazama hata mara moja. Akaokota jembe lake akaendelea na palizi.

Kesho yake maji hayakuja. Nikapeleka mimi. Keshokutwa mama mmoja akapita mbele ya baraza la mjomba kimya, kama anapita mbele ya banda tupu. Ndani ya juma salamu zikakatika zote. Mimi sikuguswa, bado waliniuliza kuhusu mvua, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko matusi. Kisha vikaanza visa vipya: mbuzi zake zimekula miche ya watu, macho yake si mazuri kwa watoto, yule mzee na mvua mbona hamkumbuki mwaka ule wa ukame. Walikuwa wanamtafutia kosa, lolote, mradi kipigo kile kipate mwenyewe. Mchana mmoja mbuzi wanne tuliwakuta wamekatwa mishipa ya miguu, wamelala ndani ya damu uani wanalia. Ilibidi nimalizie kuwachinja mwenyewe, na mjomba amekaa kizingitini ananitazama. Hakunilaumu. Alisema tu nimwite binti yake.

Tulimpakia kwenye bajaji ya mizigo, yeye na godoro lake. Hakuna aliyetoka nyumba yoyote. Bagamoyo aliishi mpaka masika. Alikuwa analala ameelekea ukutani, chakula anaonja, na kila tukiongea alinirudishia wasia mmoja: azikwe upande wa kushoto wa mkewe.

Alifariki asubuhi ya siku ya mvua. Nikampigia muadhini wa Mkange, nikamwomba atangaze msiba na watu waanze kuchimba kaburi, tunamleta baada ya adhuhuri. Nilimsikia anatangaza, simu haikukatwa. Nikapiga tena baada ya saa moja. Akaniambia ametangaza mara tatu. Nikamuuliza wamefika wangapi.

"Mvua imenyesha, mama," akasema. "Watu wote wako shamba."

Nikamwambia basi achimbe yeye. Akaniambia kwa upole kwamba yeye ni mzee, haoni. Binti yake mjomba alikuwa ananitazama, anasubiri nimwambie tuondoke saa ngapi. Maiti imeshaoshwa, haingojei. Ikabidi nimwambie.

Walimzika Bagamoyo, kwenye makaburi ya mtaa, wanaume ambao hawajapata kumwona akitembea. Walimbeba vizuri, Mungu awalipe. Sisi wanawake tulibaki ndani, na mama mmoja jirani wa pale, aliyekuja kutupikia, akaniuliza kwa nia njema marehemu alikuwa mtu wa wapi. Nikamwambia wa Mkange. Akauliza mbona basi hatukumpeleka kwao.

Nikamwambia njia ilikuwa mbovu kwa mvua.